Masika ya Kujinyanyua

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo saa nne asubuhi, na mimi nimeanza mazoezi saa nne na nusu. Sijui nani ataacha kwanza.

Daftari hili nimepewa hospitalini na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, yule mrefu mwenye mikono ya baridi ambaye mimi namwita Bwana Viungo. Anataka niandike nimefanya nini na mara ngapi. Haya basi. Nimejinyanyua kitini mara sita. Yaani unaweka viganja pande mbili za kiti cha magurudumu, unasukuma chini mpaka makalio yaachane na mto, unahesabu hadi tano, unashuka polepole. Mara ya sita mikono ilitetemeka kama ya mlevi. Ni miaka mitatu tangu nianguke kwenye ngazi nikitundika mapazia ya watu, na muda wote huo nimekuwa nikijidanganya kwamba miguu imekwenda lakini mikono bado ni ya fundi.

Kilo themanini na tatu. Sukari imeanza kupanda. Kidonda cha makalio kimefunga baada ya wiki kumi na moja za kulala kifudifudi, ila ngozi pale bado ni nyembamba kama ganda la kitunguu. "Ukirudi kukaa kwa saa sita bila kujinyanyua, kitafunguka," kaniambia Bwana Viungo. "Na safari hii sitakuhurumia."

Jioni kanipigia Bosi, mwenye karakana ya mapazia ninakofanya kazi. Kazi yangu ananishikia mpaka mvua ziishe. "Lakini uje ukiwa unaweza kujihamisha mwenyewe, dada yangu. Huku hakuna wa kukubeba kwenda msalani."

Kasema kweli. Nimekasirika vilevile.

Jumanne, 5 Machi

Mara saba. Mvua.

Jumamosi, 9 Machi

Mama mkwe wangu alikuja kwa wiki mbili nilipopata kidonda. Huu ni mwezi wa nne. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, siku mbili yuko nyumbani, wiki tatu yuko barabarani. Kwa hiyo nyumba hii ina vyumba viwili, wanawake wawili na bati moja linalopigwa na mvua kama ngoma ya mtu asiyejua kupiga.

Yeye ndiye ananihamisha. Anasimama nyuma yangu, anapitisha mikono kwapani, anavuta. Kitandani hadi kitini, kitini hadi msalani. Ana miaka sitini na sita. Leo nimemwomba aniache nijaribu mwenyewe.

"Utaanguka."

"Nikianguka nimeanguka, Mama."

"Na mwanangu akiniuliza? Nimwambie nilikuwa nimekaa nakutazama?"

Akavuta. Kisha akajifuta jasho kwa upindo wa kanga na kusema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Umenenepa, mwanangu."

Niligeuza kiti nikaangalia dirisha mpaka wakati wa chakula. Mimi ni mzigo kwake. Hata akinyamaza nalisikia hilo.

Alhamisi, 14 Machi

Hospitali. Bwana Viungo kafunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nondo za dirisha, kanipa ncha mbili nivute kuja mbavuni, viwiko vikienda nyuma.

"Siku nzima wewe unasukuma kwenda mbele," alisema. "Kifua kinakaza, mgongo unalegea, bega linabaki katikati likisagika. Lazima uvute kama unavyosukuma. Bega ndilo goti lako sasa, unanielewa?"

"Na nyonga yangu iko wapi?"

Akafikiri. "Kiwiko." Tukacheka.

Kicheko kiliisha aliponilaza chini kwenye mkeka na kuniambia, "Sasa panda kitini." Ni kwa hatua mbili, toka chini hadi kigoda kifupi, toka kigodani hadi kitini. Mkono mmoja chini, mmoja juu ya kigoda, halafu unainamisha kichwa mbali na kigoda kama unayetafuta sindano. Kichwa kikishuka, makalio yanapanda. Mara nne nimejaribu, mara nne nimerudi mkekani. Ya nne nililia. Wala sikuumia, nilikuwa na hasira tu.

Mama mkwe alikuwa kwenye benchi, mkoba magotini, anatazama mvua kana kwamba hayamhusu.

Ijumaa, 15 Machi

Mume kapiga simu. Daraja limefunikwa na maji, malori yamepanga foleni. "Unajichosha na hayo mazoezi," kasema. "Mama si yupo?" Nikakata, nikamwambia baadaye kwamba ni mtandao.

Jumatano, 20 Machi

Mpira uko kwenye dirisha la sebuleni. Vuta ishirini, pumzika, vuta ishirini. Kila nusu saa najinyanyua au nainama mbele mpaka kifua kiguse mapaja, ngozi ipate damu. Asubuhi najikagua kwa kioo. Hakuna wekundu. Mambo hayo yanaingia vizuri kwenye daftari. Lisiloingia ni hili la mwili kutaka kutoka nje ya nyumba. Barabara ni tope. Toka mlango wa mbele hadi wa jikoni ni misukumo sita ya gurudumu. Leo nimekwenda na kurudi mara hamsini.

"Unanizungusha kichwa," mama mkwe alisema kutoka jikoni. "Kama kuku anayetafuta pa kutagia."

"Mama, natafuta pumzi."

"Pumzi zote hizi za nyumba nzima hazikutoshi?"

Nimefanya nyingine kumi.

Jumatano, 27 Machi

Mvua siku ya saba mfululizo. Themanini kwenda na kurudi. Mpira mia mbili. Bwana Viungo alisema mia moja, ila yeye jioni anatoka, anavuka barabara, anakwenda zake.

Jumanne, 2 Aprili

Bega la kushoto limegoma. Tangu jana siwezi kuchana nywele, siwezi kuvaa blauzi, siwezi hata kusukuma kiti mstari ulionyooka. Nazunguka tu kama mende aliyekanyagwa upande mmoja.

Bwana Viungo kwenye simu hakupaza sauti, na hilo ndilo baya zaidi. "Nilikuambia ni mara ngapi kwa siku?" "Mia." "Ulifanya?" Nikataja. "Mtu wa miguu miwili akiumia goti anakaa kwenye kiti akapumzika. Wewe utakaa wapi?"

Siku kumi za kupumzika. Nimelitupa daftari. Mama mkwe kaliokota, kalifuta, kaliweka mezani.

Jumatano, 3 Aprili

Mama mkwe kanisugua bega kwa dawa ya kuchua. Ana vidole vigumu, vinajua pa kwenda. Alipomaliza alinigeuzia mgongo, akachota nyingine, akajipaka kiunoni haraka haraka akidhani simwoni.

Sikuuliza. Nilikuwa nimeshughulika na kujionea huruma.

Alhamisi, 11 Aprili

Homa. Mkojo mchafu. Dawa, maji mengi, kulala. Siku ya homa hakuna mazoezi, hilo nimelitii. Mvua.

Jumanne, 16 Aprili

Nimeanza tena, kidogo. Mpira thelathini. Bega linanung'unika ila halipigi kelele.

Jumamosi, 20 Aprili

Jana sikuandika. Leo nitaandika yote.

Ilikuwa baada ya chakula cha mchana. Mvua ilikuwa ile ambayo mkizungumza mnatazamana midomo. Nilitaka kulala kidogo, na kwa sababu ya bega nikamwacha mama mkwe anihamishe. Kapita nyuma, kapitisha mikono, kahesabu kama kawaida yake, moja, mbili. Hakufika tatu. Nilisikia mgongo wake kabla hajasema kitu, kwa jinsi mikono yake ilivyofunguka ghafla. Nikaenda chini, na yeye akaja chini ubavu wangu, na kiti, ambacho nilikuwa nimesahau breki moja, kikarudi nyuma polepole hadi mlango wa jikoni kama mtu asiyetaka kuhusishwa.

"Mama?"

"Usinishike." Uso ulikuwa wa kijivu. "Mgongo. Siwezi. Usinishike."

Simu ilikuwa juu ya kabati, inachajiwa. Tulipiga kelele, mimi kwanza, kisha yeye, kisha wote wawili. Bati lilizimeza. Nikamtazama usoni, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue niliona anaogopa. Hakuwa na hofu ya maumivu, alikuwa anaona aibu. Alikuwa anatazama upande mwingine kama mtoto aliyevunja chombo.

Kiti kilikuwa mbali, hatua nne za mtu anayetembea. Nilivuta shuka kitandani nikaikalia, nikarudi nyuma kidogo kidogo, nikijinyanyua na kushuka, nikijinyanyua na kushuka. Sikujiburuta. Hata pale, na mama mkwe analia chini, nilikuwa nafikiria ile ngozi. Nikifika mahali, narudi kuikusanya miguu yangu, mmoja mmoja, naileta. Nilipita mezani nikachukua kigoda ambacho yeye hukalia akifua. Nilipofika kwenye kiti nilifunga breki zote mbili, nikazijaribu, nikazijaribu tena.

Mara ya kwanza nilipanda nusu ya kigoda nikateleza. Mara ya pili bega la kushoto liliuma hadi nikaona weupe. Nikakaa chini nikihema. Niliwaza, nitakaa hapa. Mtu atakuja. Jioni mtu atakuja.

"Kichwa!"

Niligeuka. Mama mkwe alikuwa amelala vilevile, shavu kwenye saruji, jicho moja limenikazia.

"Kichwa chini! Si ndivyo anavyosema huyo mrefu wako? Wewe unainua kichwa kama twiga. Tafuta sindano!"

Kumbe siku ile alikuwa anasikiliza. Alikuwa anasikiliza kila kitu.

Nikainamisha kichwa mpaka paji la uso likakaribia goti langu, nikasukuma, na makalio yakapanda peke yake, jamani, yakapanda kama ya mtu mwingine. Nilikuwa juu ya kigoda. Sikusubiri kufurahi. Mkono mmoja kwenye mto wa kiti, mmoja kigodani, kichwa chini, sukuma. Nikatua kitini upandeupande, nikajiweka sawa, nikaweka miguu mahali pake.

Simu haikuwa na mtandao hata kidogo. Nikamfunika mama mkwe, nikamwambia naenda kwa jirani seremala. "Kwenye tope hili?" akauliza. "Utakwama." Nikafungua mlango.

Mteremko wa mbao wa mlangoni ulikuwa unateleza. Niliushuka nikiyakaba magurudumu hadi viganja vikaungua. Chini, magurudumu madogo ya mbele yalizama mara moja. Nikageuza kiti, nikaenda kinyumenyume, makubwa yakitangulia, navuta badala ya kusukuma. Misuli ile ile ya mpira wa dirishani. Sikuwa naona niendako, nilikuwa naona nyumba yangu tu ikiwa wazi mlango na ikienda mbali. Niliifikia karakana ya seremala kwa mgongo. Alizima mashine yake.

"Mama! Umetokea wapi na mvua hii?"

"Nyumbani. Mama mkwe kaanguka, hawezi kuinuka. Usimvute. Asivutwe."

Aliniangalia mimi, akaangalia ile mitaro miwili niliyoichora kwenye tope, kisha akaita fundi mwenzake, wakachukua mlango mpya uliokuwa haujapakwa rangi, na ndio mlango waliombebea mama mkwe hadi kwenye gari la kwenda hospitali. Alilalamika njia nzima kwamba una vibanzi.

Jumapili, 21 Aprili

Hakuna kilichovunjika. Ni misuli na pingili za kiunoni, kuumia kwa muda mrefu, daktari kasema, si kwa juzi tu. Asinyanyue kitu kizito kuliko birika.

Leo tumekaa chumbani, yeye kalala chali, mimi pembeni. Nikamuuliza kwa nini hakusema.

Alivuta shuka hadi kifuani. Kisha akasema, "Nyumbani kwangu kuna saa ya ukutani. Naisikia nikiwa uani. Unajua nyumba inapaswa kuwa kimya kiasi gani mpaka usikie saa ukiwa uani?"

"Mama..."

"Hapa nikikunyanyua nina kazi. Ukijinyanyua mwenyewe, mimi ni wa nini?"

Miezi minne nilikuwa nadhani namchosha. Kumbe alikuwa ananishikilia kwa nguvu zote, na mimi nilikuwa nasikia uzito wangu tu.

Nikamwambia, "Wewe ni wa kuniambia kichwa chini."

"Hilo hata kasuku anaweza."

Jumatano, 1 Mei

Nimejihamisha mwenyewe siku ya kumi na mbili. Mvua bado.

Jumatatu, 6 Mei

Bwana Viungo kampa mama mkwe naye mazoezi. Alale chali, akaze tumbo, anyanyue nyonga, ashushe. Mimi ndiye wa kuhesabu.

"Kumi na mbili," akasema.

"Saba, Mama."

"Saba za wapi? Nimesikia mwenyewe mifupa ikihesabu."

"Nane."

"Una roho mbaya. Nilimwambia mwanangu kabla hajakuoa."

"Alisema nini?"

"Alisema ndiyo anajua." Akashuka, akacheka hadi akashika kiuno. Tisa.

Jumanne, 14 Mei

Mume kaja jana. Daraja limefunguka. Leo asubuhi kaniona niko ukingoni mwa kitanda, naelekea kitini. Karuka kutoka alipokuwa, mikono imeshatangulia.

"Mwache," alisema mama yake kutoka mlangoni.

"Mama, ataanguka."

"Akianguka ataamka. Rudi huko ukanywe chai yako."

Alisimama katikati ya chumba, mikono hewani, hajui aiweke wapi. Nilihama. Sikuhama vizuri sana, kwa kweli, kwa kuwa nilikuwa natazamwa, ila nilihama. Kisha alikaa kitandani mahali nilipotoka na kuniuliza taratibu nimeanza lini. Nikampa daftari asome. Alisoma mpaka chai ikapoa. Alipofika tarehe kumi na tano Machi aliniangalia. "Mtandao, eti?"

"Mtandao," nikasema.

Alhamisi, 23 Mei

Kilo sabini na saba. Sukari imeshuka, daktari kapunguza dawa. Nalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi. Lakini mwili haujatulia. Kadiri unavyopata nguvu ndivyo unavyozidi kunidai. Naamka mikono inataka kitu cha kushika. Nyumba imekuwa ndogo kuliko ilivyokuwa Machi.

Jumanne, 28 Mei

Siku ya nne bila mvua. Barabara imekauka na kuwa ngumu, na alama za matairi zimeganda. Nimekwenda hadi njia panda na kurudi, mara tatu. Bosi kasema nianze Jumatatu.

Jumatatu, 3 Juni

Nimetoka saa moja asubuhi. Mama mkwe alisimama mlangoni, mkono kiunoni, akaniambia nisitembee na njaa na nisijibishane na Bosi siku ya kwanza. Mwinuko wa kwenda karakana niliupanda kwa kupumzika mara tano, kila mara nikikigeuza kiti kikingame njia kisirudi nyuma. Wenzangu walipiga makofi, na makofi hayo sikuyapenda, ila cherehani yangu ilikuwa pale pale dirishani, pedali imewekwa juu ya meza niikandamize kwa kiwiko kama zamani. Nimeshona mapazia manne. Msalani nimekwenda mwenyewe mara mbili. Bosi alijifanya hanitazami, akakata kitambaa vibaya.

Saa kumi tukafunga.

Kwenye njia panda, nyumbani ni kushoto. Nilisimama pale, nikajinyanyua, nikahesabu hadi tano. Mbele barabara inaendelea, yenye lami, na sijaipita tangu nianguke. Sikuwa na sababu ya kwenda huko. Sina ninayemjua huko. Nikaenda.

Nilipita duka la matairi, saluni iliyokuwa imefungua redio, ukuta mrefu wa shule. Barabara ikaanza kushuka na nikajua kwamba kila nilichokuwa nakishuka nitakipanda, na nikashuka. Upepo ulinipiga usoni. Simu ikatetemeka mfukoni, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Nilikuwa najua ni nani. Kwa miaka mitatu, saa yoyote ya mchana au usiku, kulikuwa na mtu anayejua niko wapi, kitanda kipi, chumba kipi, kiti kimeelekea wapi. Saa ile hakuna aliyejua. Mimi tu, na hata mimi sikujua mtaa ule unaitwaje.

Kurudi kulinimaliza. Bega liliuma, lakini kwa uchovu wa kawaida, siyo maumivu yale ya Aprili. Tofauti yake sasa naijua. Nilifika jua limeinama, viganja vyeusi.

Mama mkwe alikuwa ametoka nje hadi chini ya mteremko wa mbao, kanga kaivaa shaghalabaghala.

"Ulikuwa wapi? Nimempigia Bosi, kasema umetoka saa kumi!"

"Njiani."

"Njia ipi? Nyumbani ni kushoto!"

"Nilinyoosha. Mbele kidogo."

Alitazama magurudumu, mikono yangu, uso wangu. Nikajiandaa kwa maneno. Alifunga kanga yake upya, polepole, akaitazama barabara nilikotokea.

"Huko mbele kuna nini?" akauliza.

Nikamwambia sijui, sikufika mwisho.